Mashine Iliyoendelea Kusema Takwenya

Barua pepe bado zinakuja. Niliacha kazi, nikarudisha kompyuta na ufunguo wa choo, nikaagwa kwa soda na keki iliyoandikwa jina langu vibaya, lakini kila mtu akigusa lile faili la kontrola ya flashi, mtambo wa ofisi wa kugawa kazi unaniita. Njoo ukague, unasema. Mimi niko Isinya, ndani ya kivungulio cha nyanya cha mama, mikono imejaa udongo, na simu inatetemeka mfukoni. Ni kwa sababu jina langu bado limeandikwa juu ya faili, kwenye mstari wa watunzaji, na hakuna aliyelitoa. Mtambo haujui kwamba niliondoka. Unasoma jina, unaita jina.

Nawaomba mlitoe. Lakini kwanza nisomeni, maana nikisema tu "litoeni" mtadhani ni maringo.

Mama hucheka akinisikia nikisema nimestaafu. "Umestaafu nini na mvi huna hata moja?" Namwambia kazi ya kukagua haizeeshi kichwa kwa nje. Mueni, aliyekuwa mkubwa wetu, ndiye aliyeniomba niwaachie maneno nyinyi mnaokuja kukalia kiti changu. Alisema, "Usiwaandikie maagizo, hayo yako kwa mafaili. Waandikie vile vitu ulikuwa unaogopa." Kwa hivyo karatasi imekuwa ndefu.

Mnajua ofisi ilivyo. Ghorofa ya kwanza hapo Kitengela, chini yetu vijana wanakata vyuma vya mageti, na grinda zikianza kikombe kinatembea chenyewe mezani. Tunatengeneza mashine za vituo vya maji: mtu anagusisha kitufe chake cha malipo, bomba linafunguka, mashine inaweka kumbukumbu. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna flashi, chipu inayoshika mambo hata umeme ukienda. Flashi haijiendeshi. Ina kontrola, na kontrola ina programu yake tunayoiita dereva.

Neno hilo liliniletea taabu. Mama aliwaambia wenzake wa kanisa kwamba msichana wake anakagua madereva, na Jumapili iliyofuata shemasi mmoja akanivuta kando kuniuliza kama naweza kumsaidia na leseni ya mtoto wake, aliyefeli mtihani wa kurudi nyuma. Nilimweleza muda mrefu. Mwishoni akasema, "Sawa, kama hutaki kusaidia ungesema tu."

Dereva wetu ni kipofu. Hawezi kuona ni chipu gani imechomelewa kwenye bodi, wala ni mguu gani wa chipu umeunganishwa na nini. Anangoja aambiwe. Kwa hivyo kuna faili la maelezo ya kifaa, na juu yake kuna faili lingine linalosema maelezo yaandikweje: jina la chipu, miguu yake, inavyosahihisha makosa, kipi ni lazima na kipi si lazima. Hayo ndiyo nilikuwa nakagua. Sikuwa naandika dereva, wala sikuwa natengeneza bodi. Nilikuwa nasoma kile kipofu atakachonong'onezewa sikioni, na kujiuliza kama ni kweli.

Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka lichoke. Wiki yangu ya kwanza niliandika maoni marefu kuhusu neno moja, nikiuliza kama kifaa kiitwe flashi au kiitwe kumbukumbu. Mueni aliyasoma yote, akavua miwani. "Karis, wewe ukipewa chai lazima uulize ng'ombe alikuwa na umri gani."

"Na kama alikuwa mgonjwa?"

"Kunywa chai."

Siku nyingine bodi ya majaribio ilikuwa inakufa kila jua likiwa la utosi, kisha jioni inafufuka. Nilijaza ukurasa na zaidi juu ya joto na kupanuka kwa shaba. Mueni akafungua sanduku. Mjusi alikuwa amejilaza juu ya miguu ya chipu anaota joto. "Ongeza kwa maelezo ya kifaa," akasema. "Mjusi, mmoja, si lazima."

Lakini alinifundisha mambo mawili ambayo ningependa myabebe. La kwanza: maelezo ni ya kifaa, si ya dereva. Mtu akikuambia, "Niliandika hivi ili programu ifanye kazi," rudisha. Muulize kifaa kikoje. La pili ni hili, na ndilo litakalowakamata: kwa bodi zetu, chini si lazima iwe hapana. Kuna miguu ya chipu ambayo ikishushwa ndipo inafanya kazi yake. Mguu wa kufunga flashi uko hivyo. Ukiwa juu, flashi iko wazi na inaandikika. Ukishuka, imefungwa. Ukikosea alama moja kwenye faili, dereva atashika mguu huo kwa heshima zote na kuufanyia kinyume, na hatajua.

Sasa niwaambie kuhusu kituo cha Koinet.

Kiko upande wa Kajiado, ukiacha barabara ya Namanga unashika barabara ya vumbi mpaka unaona tangi jeusi peke yake kwenye uwanda. Jua la kule linafuta skrini yoyote, kwa hivyo mashine zetu huongea. Kila kituo msimamizi wake anarekodi salamu kwa sauti yake, palepale kwenye kimaikrofoni cha mashine. Koinet, mzee mrefu aliyekuwa akisimamia kile kituo, alirekodi mbili. Ya asubuhi: "Takwenya! Mimi ni Koinet. Maji yako." Na ya kufunga: "Tumefunga. Kesho niko."

Takwenya ni salamu ya Kimaasai kwa wanawake, na wanawake ndio wengi wanaochota. Salamu hiyo huitikiwa "Iko." Haiachwi hewani, hata ukiwa na haraka, hata ikitoka kwa mashine. Kina mama walikuwa wakiweka mitungi chini, mashine inasema takwenya, wao wanaitika iko, wanacheka, wanachota.

Mimi sikujua hayo. Taarifa ya kwanza iliyonifikia kutoka huko iliandikwa na fundi wetu kwa mkato, kama mafundi wanavyoandika: "Mashine inasema salamu ya zamani. Kina mama wanasema iko." Nikaelewa kwamba kina mama wanathibitisha sauti ya zamani ipo, haijafutika. Nikajibu kwamba nashukuru, na waendelee kuthibitisha.

Ilikuwa hivi. Koinet aliugua kifua, akapelekwa hospitali Kajiado, na hakurudi. Nashipae, binti yake, akachukua kazi ya kituo. Akarekodi salamu yake mwenyewe, na mashine ikaisema vizuri siku nzima. Jioni sola ikashuka, mashine ikazima kama kawaida. Asubuhi jua lilipoiamsha, kina mama wamejipanga, ikasema: "Takwenya! Mimi ni Koinet. Maji yako."

Nashipae akarekodi tena. Ikakubali. Asubuhi, Koinet. Akarekodi kila siku ya juma hilo, na kila asubuhi baba yake alirudi kazini, na kila jioni, kwa ile salamu ya kufunga ambayo haikuwa imeguswa, aliwaahidi kwamba kesho yuko.

Kule wazee bado wanashika desturi kwamba aliyefariki hatajwi kwa jina lake. Anazungukwa: yule, mwenye boma, baba ya fulani. Mashine ilikuwa ikilitaja kwa sauti kubwa, mbele ya watoto wake, na kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alipiga simu ofisini. Mueni akaiweka kwa spika.

"Madam, mtu wenu anatusumbua."

"Mtu wetu gani, mwenyekiti?"

"Huyo mumeweka kwa chuma. Sisi tulimzika. Nyinyi mumemwacha hapo anaongea." Upepo ukasikika kwa simu. "Watu wameanza kwenda silanga. Wanakunywa na punda. Ifike wiki ijayo bado anajitaja, tunang'oa hiyo kitu tunaileta hapo Kitengela, muitikie nyinyi."

Silanga ni bwawa la mvua, ni mbali, na maji yake ni ya matope. Hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Tuliijaribu ofisini kwa bodi ya toleo lile lile. Nilirekodi "habari ya asubuhi," nikaifuta, nikarekodi "habari ya jioni." Mashine ikasema habari ya jioni. Nikachomoa waya, nikaurudisha. Vijana wa chini walikuwa wamezima grinda wakanywe chai, kwa hivyo palikuwa kimya kabisa. Mashine ikasema maneno ambayo hayakuwa ya hizo mbili: "Moja, mbili, moja, mbili." Ilikuwa sauti yangu, ya siku nilipoajiriwa, nilipoambiwa nijaribu maikrofoni. Nilikuwa nimeisahau. Nilisikika mdogo, na mwenye furaha.

Mueni hakushtuka. Alichora kwenye karatasi. Bodi za toleo jipya zilikuja na mguu wa kufunga uliogeuzwa: mtengenezaji aliweka kijitransista katikati, kwa hivyo juu ikawa chini. Maelezo yetu yalibaki ya bodi za zamani. Programu yenyewe inakaa kwa chipu nyingine, ndiyo maana sasisho lililomfundisha dereva kushika mguu huo liliingia vizuri, na tangu siku lilipoingia, flashi ya sauti ikafungwa. Kompyuta ikikuta flashi imefungwa hailalamiki. Inaandika kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayopotea umeme ukienda. Mchana kutwa inajifunza, jioni inasahau. Kila asubuhi inaamka siku ile ile, siku ya mwisho ilipokuwa wazi. Siku hiyo Koinet alikuwa mzima.

"Alama moja," Mueni akasema. Akaandika badiliko, na hapo hapo akaongeza lingine lililokuwa limechelewa: chipu mpya inataka masahihisho yenye nguvu zaidi, maana seli zake huoza haraka. Mistari michache tu. Akanitumia. "Kagua, tukitoka chakula cha mchana nisukume kwa vituo vyote vyenye bodi mpya."

Nilisoma. Alama ilikuwa sawa. Masahihisho yalikuwa sawa. Nikarudia kusoma, mnanijua. Kisha nikajiuliza swali ambalo halikuwa ndani ya faili: yale yaliyoandikwa kwa masahihisho ya zamani, yakisomwa kwa masahihisho mapya, yataonekanaje?

Yataonekana yameoza. Na mashine yetu ikiamka ikute flashi imeoza, inafanya nini? Inaisafisha yote na kuanza upya. Tangu hapo mwanzo ilikuwa haiwezi kusafisha kwa sababu imefungwa. Sasa tungeifungulia mlango na kuiambia kila kitu ndani ni uozo, kwa sasisho moja.

Sauti ilirekodiwa kule kule kituoni. Hapakuwa na nakala popote.

Nikaandika chini ya badiliko: "Sijakubali bado." Mueni akaja na sahani yake ya githeri mkononi.

"Karis. Watu wanakunywa na punda."

"Najua."

"Kamati inataka hiyo sauti itoke. Hii inatoa. Sasa wewe unataka nini?"

"Kuna mtu amemuuliza mke wa Koinet?"

Mueni akatafuna polepole. "Hiyo si kazi ya mkaguzi."

"Uliniambia niulize kifaa kikoje. Kifaa kiko hivyo. Kina mtu ndani."

Sikukusudia isikike hivyo. Nilitaka kusema kina data. Aliweka sahani chini na kutafuta funguo za pikapu.

Tulifika asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda vizuri. Upepo ulikuwa unapita kwenye waya za uzio na waya zilikuwa zinalia sauti moja ndefu isiyoisha. Kina mama wachache ambao hawakwenda silanga walikuwa wamesimama mbali, nje ya uzio, wote wameipa mashine mgongo. Nilidhani wanatutazama sisi. Hawakuwa wanatutazama. Walikuwa wanangoja imalize.

Mmoja tu alikuwa amesimama mbele yake, karibu, kama unavyosimama mbele ya mtu mnayeongea. Mwanamke mwembamba, shuka ya buluu, mikono mitupu. Hakuwa na mtungi.

Mwanga ukagusa sola. Kitaa cha kijani kikawaka. "Takwenya! Mimi ni Koinet. Maji yako."

"Iko," akasema yule mama.

Ndipo nilipoelewa ile taarifa ya fundi, na nikataka ardhi inimeze kwa lile jibu langu la kushukuru.

Nashipae alitupokea. Ni msichana wa umri wangu, mcheshi, lakini alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama watu wa nyumba yenye mgonjwa. "Huyo ni Yeiyo, mama yangu. Kila asubuhi anakuja. Nimemwambia Yeiyo, hiyo ni mashine tu. Ananiambia, na mimi ni mtu gani nisiitike? Salamu ni salamu."

Mueni alimweleza mama yote, bila haraka, na Nashipae akitafsiri pale Kiswahili kilipokwama. Kwamba mashine ina ugonjwa. Kwamba dawa iko tayari, lakini dawa hiyo inafuta. Kwamba tunaweza kuitoa sauti kwanza, kuihifadhi, ndipo tuitibu.

"Mwenyekiti anataka itoke," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Watu wanaogopa jina."

"Mimi pia naogopa jina." Akaitazama mashine. "Lakini mkifuta, nitasahau vile alikuwa anasema maji. Alikuwa anavuta hiyo neno. Msifute. Toeni jina, muache salamu. Salamu haina makosa."

Hilo lilikuwa linawezekana. Nilifungua sanduku, nikachomeka laptopu, nikasoma flashi nzima kwa maelezo ya zamani, ambayo ndiyo pekee ingesomeka nayo. Mkifanya hivi siku moja, someni mara mbili na mlinganishe. Nilisoma mara mbili, zikalingana. Kisha nikafungua faili la salamu ili nitafute pa kukata jina.

Lilikuwa refu mno.

Mashine zetu huchezesha sekunde chache tu za mwanzo, kisha hukata. Zilizobaki hukaa ndani, hakuna anayezisikia. Koinet alipomaliza salamu yake hakujua kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Nilibonyeza cheza kabla sijafikiria, mimi ambaye hufikiria kila kitu.

Salamu ikapita. Kisha kimya, na upepo, ule ule wa kwenye waya. Kengele ya mbuzi. Mtu anapumua karibu sana. "Imeshika?" Kisha akageuka, sauti ikaenda mbali kidogo, na akaita. Aliita jina la mwanamke. Alilivuta mwishoni, kama unavyomwita mtu aliye upande wa pili wa boma. Akangoja. Akaita tena.

Yule mama alikuwa ameshika kifua. Mdomo ukafunguka.

"Yeiyo!" Nashipae akamkamata mkono. "Usiitike! Ukiitika utamfuata!"

Kule nje ya uzio kina mama walikuwa wamegeuka wote. Sauti ikaita mara ya tatu, kwa upole zaidi, na mama akachukua pembe ya shuka akaiweka mdomoni, akaiuma. Nikakipata kile kitufe cha kuzima.

Upepo ulikuwa mmoja. Nilishindwa kujua ni wakati gani ulikoma ule wa ndani ya laptopu ukabaki wa nje.

Baadaye mama akatoa shuka mdomoni. "Hilo jina ni yeye tu alikuwa analitumia," akasema. "Hata huyu halijui." Alimaanisha Nashipae. Akageukia Mueni. "Futeni hapo kwa mashine. Yote. Na ya salamu."

"Mama, una hakika? Hiyo ya kuita tunaweza kukata, tubakishe—"

"Salamu naweza kuitikia nirudi nyumbani. Salamu ni ya watu wote. Lakini nikijua ndani ya hiyo ananiita kwa jina langu, kila siku, na mimi nasimama hapa..." Alikuwa anaongea kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia. "Nikiitwa hivyo, nitaenda."

Hakuna aliyemuuliza wapi.

Kisha akanigeukia mimi. Alinyoosha kidole kwa laptopu. "Na hapa? Ameingia hapa pia?"

Nilikuwa nimeshtuka, na mtu akishtuka hujibu kama alivyozoea kwao. Nikasema, "Iko."

Kwa Kiswahili changu cha Kitengela nilikuwa nimesema tu kwamba ndiyo, ipo, nakala imeingia. Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Nilimwona Nashipae akirudi nyuma hatua. Kina mama kwenye uzio walinung'unika kitu kwa pamoja. Nilikuwa nimeitikia.

Mama peke yake ndiye hakuogopa. Alinitazama kwa huruma sana, kama mtu anayemwona mgeni amekanyaga mahali ambapo hakuambiwa asikanyage. "Basi mtoe hapo," akasema. "Usikae naye wewe. Wewe bado mtoto."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Nilihamisha faili kwenye flashi diski ndogo, nikafuta ya laptopu mbele yake, nikamkabidhi. Kwake hakuna kompyuta, wala redio ya kuchomeka kitu kama hicho. Alilitaka hilo hasa. "Akae. Asifutwe, na asiwashwe." Akaifunga kwenye pembe ya shuka, ile ile aliyoiuma, na fundo akalikaza kwa meno.

Nilikubali badiliko tukiwa Kajiado mjini, karibu na soko la mifugo, mahali ambapo mtandao unashika; vituo vingine wasimamizi wao wapo, wangerekodi upya. Ng'ombe walikuwa wanalia pande zote na Mueni alikuwa ameshika usukani bila kuwasha gari. Niliandika neno linaloandikwa, "imekaguliwa," na jina langu mbele yake. Siku hiyo niliona kwa mara ya kwanza kwamba jina hilo litabaki pale muda mrefu kuliko mimi.

Baada ya siku chache Nashipae alipiga simu. Sauti yake imeshika. Mashine ilizima, ikaamka, na ni yeye anayewasalimia. Watu wanarudi kutoka silanga. Mwenyekiti anashukuru, na anauliza kama mashine inaweza pia kumsalimia yeye kwa cheo.

"Lakini kuna kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Siku hizi inachelewa. Taa inawaka, halafu inanyamaza kidogo, ndiyo inaongea."

Nikamweleza. Masahihisho yenye nguvu yana kazi zaidi, na ikiamka lazima ipitie flashi yote kutafuta palipooza kabla ya kusoma salamu. Ni kawaida. Kimya hicho hakina kitu.

"Sawa," akasema, na hakukata simu. "Ni vile kina mama hawangoji. Taa ikiwaka tu, kabla sijasema takwenya, wote wanasema iko. Wote, Karis. Halafu ndiyo mimi nasalimia, na hakuna anayeniitikia. Ni kama washamaliza."

"Na mama yako?"

"Mama haji tena. Anakaa nyumbani. Ameshika shuka."

Sasa mjue kwa nini simu yangu inatetemeka. Mtu mmoja wa mbali, ambaye hajawahi kufika Kajiado, ameandika badiliko zuri kabisa la faili lile. Linaruhusu kontrola kupitia flashi haraka zaidi wakati wa kuamka. Litaondoa kile kimya. Nimelisoma, nyanya zikiningoja. Halina kosa hata moja. Linangoja mkaguzi, na mtambo unaniita mimi.

Sitawaambia mlikubali wala mlikatae. Kituo ni chenu sasa. Nendeni kwanza, asubuhi, simameni pale kabla taa haijawaka, na mjiulize kifaa kikoje.

Lakini jina langu litoeni leo. Jana liliitwa nikiwa na jembe mkononi. Nilikuwa nimeshafika barabarani bila kujijua, natafuta gari la Kitengela, mama alipopaza sauti kuniuliza naenda wapi.